Kitabu Kilichofungia Dagaa

Ukurasa wa kwanza niliupata sokoni ukiwa umefungia dagaa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, duka la vitabu pale mjini lilipofungwa na mali yake kuuzwa kwa mizani kama vyuma chakavu. Jenifer, binti aliyetoka Kabwe kule ziwani, aliyekuwa akiuza dagaa karibu na lango la soko, alinunua marobota yake, na tangu hapo kila aliyenunua dagaa kwake alirudi nyumbani na kipande cha kitabu.

Nilifika nyumbani Kizwite, nikamimina dagaa kwenye ungo, nikataka kuwashia moto ile karatasi. Mkono ukasita. Kulikuwa na picha, zimepangwa kwenye visanduku. Mwanamke amembeba mtoto mgongoni, anakimbilia lori kwenye mvua, na maneno yake yamezungushiwa mstari karibu na mdomo: "Nisubirini, mtoto ana homa." Kwenye kisanduku kilichofuata, lori linaondoka. Cha tatu, yuko peke yake barabarani, na cha nne hakikuwepo, kwa sababu karatasi iliishia hapo.

Dagaa waliungua siku hiyo.

Mkwe wangu Tereza alikuwa amelala chumba cha mbele. Alikuwa na mimba, na zile mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo daktari alimwambia asibebe ndoo, asiiname, asitembee zaidi ya chooni. Mwanangu Kasmir alikuwa ziwani akifuata samaki ili tupate za kliniki. Tukabaki wawili, mimi na mchana mrefu, yeye na paa. Mtu aliyezoea kushika jembe, ukimlaza anaugua ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Alikuwa anahesabu mabati.

Nikamletea ile karatasi.

"Inanuka, mama," alisema.

"Soma na harufu yake."

Akasoma. Akaigeuza nyuma. Nyuma yule mwanamke alikuwa anajieleza mwenyewe, kwamba yeye ni mkunga, kwamba mtoto wake anaitwa Sayi, na kwamba haya anayoyachora ni maisha yake. Tereza akainua macho.

"Kwa hiyo ni ya kweli?"

"Anasema ni yake."

"Na Sayi alipona?"

Hapo ndipo nilipoanza kula dagaa kuliko paka.

Kesho yake nilikwenda kwa Jenifer. Alinipa shikamoo yake, nikaitikia, nikamwambia anifungie kwenye karatasi zenye picha. Akacheka. "Bibi, wenzako wanachagua dagaa, wewe unachagua karatasi." Lakini alinitafutia. Shida ilikuwa moja. Vitabu vyenyewe vilikuwa vingi vya aina moja, na yeye alichana popote mkono ulipofika, akikata pembe ya chini yenye namba. Siku nyingine nilirudi na ukurasa ambao tayari ninao. Siku nyingine nilipata Sayi akiwa bado hajazaliwa, wakati jana yake nilikuwa nimemwona anaota meno.

Kila karatasi niliifuta kwa majivu kutoa mafuta, nikaipiga pasi ya mkaa juu ya kitambaa, kisha tukaipanga kitandani. Tereza alikuwa hodari wa kupanga kuliko mimi. Alikuwa anatazama nguo. "Hapa kavaa kitenge kile cha ndege, na hapa kimeshachanika, basi hii inakuja baadaye." Mimi nilisoma maneno kwa sauti, polepole, kwa sababu nilikomea darasa la tatu, na yeye alikuwa akinizuia nisigeuze haraka. Alitaka kutazama. Kulikuwa na picha moja ya mkunga anaosha mikono kwenye beseni, hakuna neno hata moja, na tuliikalia mpaka maharage yakakauka maji jikoni. Nilikuwa nimedhani picha katika kitabu ni pambo, kama maua kwenye kadi ya Krismasi. Kumbe pale maneno yaliponyamaza ndipo yule mama alipokuwa anasema zaidi.

Tereza alianza kula. Alianza kuniuliza asubuhi, kabla hata ya kunisalimu, kama leo ni siku ya soko. Na kila siku swali lilikuwa lilelile. Sayi alipona? Homa ile ya kwenye lori ilimwachia? Nilijua alikuwa haniulizi habari za Sayi peke yake.

Mwezi wa tatu, mvua zikielekea kupungua, nikapata ukurasa ambao ulikuwa picha moja tu, kubwa, imejaza karatasi nzima. Hakuna maneno. Yule mkunga amesimama ametugeuzia mgongo, jembe liko chini kando yake. Mbele yake mteremko, na kwenye mteremko vichuguu vidogo vya mviringo, vimefunikwa majani, vimepangana. Kwa mbali mawe makubwa yamebebana.

Nilifurahi mpaka nikasahau chenji yangu.

"Amerudi shambani," nilimwambia Tereza. "Tazama. Hizi ni ntumba."

Mtu wa Ufipa yeyote angesema hivyo. Huku kwetu mvua zikielekea kwisha tunapindua nyasi na udongo juu yake, tunafanya ntumba, chungu za mviringo, nyasi zinaozea ndani, tunapanda maharage juu, na mwaka unaofuata tunazisambaza kwa ulezi. Milima yote hapa ina hizo chungu. Wakati ule ule ukisimama mlangoni kwangu ukatazama upande wa Kasense, uliziona.

Tereza aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Yeye kazaliwa Kasense, amelima ntumba tangu hajaota matiti. "Ni ntumba," alisema. "Na mama hawezi kwenda kulima akamwacha mgonjwa ndani."

"Hawezi."

"Basi alipona."

"Alipona."

Jioni ile alikula ugali wa ulezi akamaliza, akaomba wa kukwangua chunguni.

Siku chache baadaye akaja Minza. Minza ni Msukuma, mtani wangu. Walihamia na ng'ombe wao wakati watu wengi walipokuwa wanahamia huku, na alikuwa akituletea maziwa. Yeye na mimi hatukuwahi kusalimiana kama watu.

"Hodi hapa kwa watu wa kutuma radi," alisema mlangoni.

"Pita, mchunga mikia. Umeshawasalimia ng'ombe, au ndio unakuja kwetu kwanza kwa bahati mbaya?"

"Ng'ombe nimewasalimia. Wao hujibu vizuri." Akaingia kwa Tereza, akamwekea kibuyu. "Mkwe, kunywa haya umzae Msukuma. Mtoto wa Kifipa atalala shambani, atakuwa maharage."

Tereza alicheka akishika tumbo. Akamwonyesha kitabu, karatasi moja moja, akimsimulia, maana Minza hakwenda shule. Minza alitazama kwa makini sana. Aliuliza vitu ambavyo sisi hatukuviona. Kwa nini mume wa huyu mama hatazamani naye kwenye picha hata moja? Alipoona karatasi nyingine yenye mawe makubwa yaliyobebana alisema, "Mbona huku ni kwetu," akataja upande wa kwao. Kisha Tereza akamwekea ule ukurasa mkubwa mapajani.

"Na hapa ndio mwisho. Mtoto amepona, mama karudi kulima."

Minza aliutazama. Nilisubiri aseme kitu kuhusu Wafipa na majembe yao. Aliurudisha juu ya shuka, akauliza kama maziwa ya jana yaliganda vizuri, akaaga.

Nikamsindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa.

"Leo mtani umemeza ulimi?" nilisema.

"Mama Kasmir, yale siyo mashamba."

"Ni nini, zizi?"

"Ni makaburi. Ya watoto."

Nikamwambia leo amevuka mpaka, na kuna utani wa kufanyia mgonjwa na utani wa kufanyia ng'ombe. Nilimsubiri acheke. Mtani akitaka kukuumiza kwa mchezo, mdomo wake huwa hautulii. Wa Minza ulikuwa umetulia.

"Kwetu tunalima matuta marefu, mistari," alisema, akichora chini kwa kidole cha mguu. "Hatufanyi hivi vichuguu vyenu. Ukiona udongo umeviringwa kidogo kidogo namna ile, na majani juu ili mvua isiukokote, hapo pana watu. Jembe lile ni la kuchimbia." Akaufuta ule mchoro kwa unyayo. "Sikutaka kusema mbele yake."

Nilirudi ndani. Tereza alikuwa ameulalia ule ukurasa shavuni, amesinzia.

Sasa nilikuwa na kazi. Nikimwambia, nitamwambia nini, naye amebakiza miezi mitatu? Nisipomwambia, siku moja Jenifer atafungia dagaa ukurasa unaosema wazi, na huenda mtu akamletea Tereza nisipokuwepo. Nikaamua niutafute mimi kwanza. Nilikwenda sokoni nikamwambia Jenifer anifungulie robota lenyewe. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya meza yake, kati ya magunia, nikapekua. Alikuwa akiniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta mtoto. Akadhani nimezeeka.

Niliupata chini kabisa, kwenye kitabu kilichobaki na kurasa za mwisho tu. Yule mkunga amekaa mezani, taa ya kandili imewaka, ana kalamu mkononi. Maneno yalikuwa machache, nikayasoma nikayarudia: "Baada ya kumzika Sayi sikuweza kusema. Nikaanza kuchora, ili nisimsahau."

Minza alikuwa sahihi. Niliukunja nikautia kwenye upindo wa kanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilichopanga kilianza na "Mwanangu, usishtuke," na hakuna mtu aliyewahi kuambiwa hivyo asishtuke.

Tereza alikuwa amekaa, mto mgongoni. Aliniangalia mikono. Haikuwa na dagaa.

"Umeupata," alisema.

"Nimepata nini?"

"Mama. Mtani hakutania siku ile. Tangu aondoke natazama hizi ntumba. Hazina njia ya kupita kati yake. Mtu analimaje pasipo pa kukanyaga?" Akanyoosha mkono. "Lete."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikampa. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa. Alisoma. Nilisikia akivuta pumzi, kisha machozi yakamtoka bila sauti, na mimi nikamwacha alie. Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli ya maziwa, debe linagonga.

Alikaa na ule ukurasa muda mrefu, kama tulivyozoea kukaa na zile zisizo na maneno. Nikadhani anarudia kusoma. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akausogeza karibu na dirisha.

"Mama, umemwona huyu?"

"Nani?"

"Mgongoni."

Nikavuta karatasi. Mimi nilikuwa nimesoma maneno tu, mbio mbio, kwa hofu. Mkunga kainamia meza, na mgongoni, kwenye kitenge kingine, kipya, kichwa kidogo kimelala upande. Kimechorwa kwa wino mwepesi, kama vile mchoraji hakutaka kukipigia kelele.

"Inawezekana ndiye Sayi," nilisema. "Anamkumbuka."

"Sayi alibebwa kwa kitenge kile cha ndege. Tazama huku na huku." Akarudi kwenye karatasi za mwanzo, akazilinganisha, kidole kikitembea. "Na Sayi alikuwa na nywele. Huyu hana. Huyu kazaliwa juzi."

Tukatazamana. Hakutabasamu. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi.

"Hakumwandika," Tereza alisema. "Amemchora tu."

Alikula siku ile, siyo sana. Kesho yake aliomba sindano na uzi wa gunia, akaanza kuzipanga karatasi zote upya ili tuzishone. Minza alipokuja na maziwa alikuta tumezitandaza mpaka sakafuni, akasimama mlangoni akiogopa kukanyaga.

"Ingia, mchunga mikia," nilimwambia. "Lakini ruka."

"Mnaniwekea mitego, Wafipa." Aliruka, akakaa, akamtazama Tereza usoni muda kidogo, kisha akashika uzi bila kuambiwa.

Tereza alikuwa ameinua ule ukurasa wa vichuguu. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba tunaweza kuuacha nje, kitabu kitasomeka bila huo.

"Huu unakaa kabla ya ule wa taa," alisema, akampa Minza. "Shona hapo."

Minza akatoboa karatasi, akavuta uzi, akaufunga fundo.