Chumba Chenye Mwanga Mzuri

Mama mwenzangu, kama binti yako anataka kufungua studio ya picha hapo nyumbani, usimkatalie. Lakini kabla hujasema ndiyo, mwulize atatumia chumba gani, na saa ngapi. Mimi sikuuliza.

Nasteha wangu alimaliza chuo, akakaa mwaka mzima akituma barua za kazi. Siku moja akaniambia, "Hooyo, wamama wa hapa Garissa wanataka picha za familia, lakini nani atavua mtandio mbele ya mwanaume kule mjini? Wakija kwetu, mpiga picha ni msichana, mlango umefungwa, hakuna shida."

Nikaona ana akili. Na vitu vyenyewe havikuwa vya kutisha. Kamera ya mtumba. Shuka la rangi ya mchanga, tukalitundika kwa fimbo ya pazia. Boksi la friji tukalikata, tukalibandika ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, lirudishe mwanga usoni kwa mtu. Pazia jeupe dirishani, jua lisiwe kali. Taa hatukununua hata moja. Alisema jua la Garissa ni la bure.

Lakini dirisha kubwa ni moja tu, la sebuleni, na mwanga wake mzuri unaingia kuanzia saa kumi.

Sasa nikueleze sebule yangu. Mume wangu, Dekow, anafanya biashara ya mifugo huko Griftu. Nyumbani anakuja baada ya miezi miwili, saa zingine mitatu. Kwa hivyo kila siku baada ya alasiri, jirani yangu Istahil alikuwa anaingia bila kubisha, anavua viatu, anakaa kwenye mkeka, anasema, "Chai iko wapi, ama leo tunakunywa maneno?" Nyuma yake anakuja Qali, na wengine wawili watatu. Miaka kumi na minne hivyo. Hao ndio watu wangu. Sina wengine.

Nasteha akakunja mkeka, akatoa magodoro na mito, akapaka ukuta rangi nyeupe. "Nahitaji nafasi ya kurudi nyuma, Hooyo. Watu wanane hawaingii kwenye picha nikiwa nimewasimamia puani." Vitu vyote vikaenda chumba changu cha kulala. Nikajiambia wageni watakaa uani. Uani saa kumi hakuna kivuli hata cha kuku.

Siku ya kwanza Istahil alisukuma mlango, akakuta komeo. Mimi niko ndani nimeshika lile boksi, mbele yangu mama amevua mtandio na mabinti zake watatu.

"Nani?" nikauliza.

"Kwani leo naulizwa nani?"

"Ngoja kidogo, abaayo, dada yangu, kuna watu kichwa wazi."

Kidogo ikawa saa nzima. Mtoto analia, shuka linaanguka, tunaanza tena. Nilipofungua, hakuna mtu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu hakusukuma, alibisha kwa kidole kama mtu anauza sabuni. Baada ya hapo hakubisha tena.

Kazi ilienda vizuri, siwezi kudanganya. Kuna akina mama walikodi gari kutoka kambini Dagahaley, wakaja na watoto wamevaa nguo za Idd. Nikafikiri Istahil atarudi kazi ikipungua. Haikupungua. Nilikuwa naona watu wengi kuliko zamani, na hakuna aliyeniuliza mguu wangu huu unaoniuma unaendeleaje. Wakishatoka nafagia, nakaa jikoni, nakunywa chai nimesimama.

Ijumaa moja nikaenda kwa Istahil. Kicheko nilikisikia kutoka getini. Wamekaa wote chini ya mabati, kwenye mkeka wake. Qali akaniona kwanza.

"Wallahi, mpiga picha amekuja! Kaeni sawa, futeni midomo!"

Wakacheka, nikacheka na mimi. Nikainama kuvua viatu. Istahil akasema, "Usisumbuke, abaayo," akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, kile cha kumkalishia chifu na watu wa ofisi. Chai yangu akaileta na sahani chini ya kikombe. Nikakaa juu, wao wako chini, karibu na magoti yangu. Walikuwa wanasema habari za mtoto wa Qali kuchumbia msichana wa Bute. Wakazikatiza, wakanieleza kutoka mwanzo, polepole, vile mgeni anaelezwa.

"Istahil, mbona hamji?" nikasema.

"Tulikuja."

"Kulikuwa na watu kichwa wazi."

"Najua. Sijakasirika. Nyumba yako sasa ni ya kazi, na mtu haendi kunywa chai ofisini."

"Mimi nitakuja siku ya Idd," Qali akasema. "Unipige na mzee wangu kabla mvi hazijammaliza."

Kicheko tena. Nikangoja kiishe. "Njooni kesho. Nitatandika mkeka."

"Na mwanga?" Istahil akauliza.

Kesho saa kumi tulikuwa tumeahidi familia ya watu kumi na mmoja, na bibi yao anatoka mbali. Istahil aliuona uso wangu. Akanijazia kikombe mpaka juu.

"Kunywa, usichelewe. Binti atahitaji mtu wa kumshikia boksi."

Nilimwambia Nasteha siku hiyo hiyo. Hakubisha. Sasa anapiga picha asubuhi. Mwanga wa asubuhi dirisha lile ni hafifu, anaongeza boksi la pili, na picha zinatoka sawa. Ingewezekana hivyo tangu siku ya kwanza, mama. Hilo ndilo linaniuma, na ndilo nataka ulishike.

Saa tisa na nusu shuka linashuka, natandika mkeka, napanga mito. Mlango nauacha wazi kabisa. Leo ni wiki ya tatu. Wanawake wanapita wanaenda kwa Istahil, wananisalimia vizuri kutoka barabarani.

"Leo hakuna wateja?" wananiuliza.

"Hakuna," nasema. "Karibuni."

"Tukiwa na picha za kupiga tutakuja, inshallah."