Mababu Saba wa Shemeji Mzungu

Mie wivu ninao, sifichi. Anayesema hana wivu na ndugu yake, basi hajazaliwa na ndugu anayesifiwa. Mdogo wangu Masuda anaolewa na Mzungu wa Uskoti, Calum Macintyre, mhandisi aliyesilimu, na tangu posa yake ikubaliwe Baba hana wimbo mwingine. Kila atiaye mguu kwetu Al Twar, hapa Dubai, huambiwa, "Mkwe wangu ana mababu saba kichwani, anawataja mmoja mmoja. Waarabu wenyewe siku hizi wanaishia wa tatu."

Mwaka jana alikuja Shomari kuniposa mie. Shomari ni seremala, anatengeneza makabati ya jikoni huko Dubai Investments Park, mtu wa Muheza, mpole. Baba akamuuliza, mtoto wa nani? Wa Idd. Idd wa nani? Wa mzee Shomari, ambaye jina lake ndilo alilorithi. Na huyo mzee? Hapo akakwama. Baba akamnywesha kahawa, akamwambia hana binti wa kuoza kwa sasa. Mama yake Shomari keshamtafutia mchumba huko kwao, na mwisho wa mwezi huu anaondoka akaoe. Na mie ndiye ninayezunguka maduka ya Deira kutafuta udi wa harusi ya Masuda. Roho inaniuma kama jino bovu.

Jumamosi mchana Ami Soud, kaka yake Baba, alikuja kutoka Rashidiya kumwona bwana harusi. Baba alimchinjia mgeni mbuzi, na hakungoja hata watu wanawe mikono. "Mtajie Ami wazee wako," akamwambia Calum. Calum akaweka kikombe chini, akaanza kwa lugha ya kwao, mac huyu, mac yule, na Masuda anafasiri.

"Mac ni bin, Ami," Masuda akasema, uso unang'aa. "Kisiwani kwao majina ya ukoo ni machache, nusu ya watu wana jina moja. Basi mtu hujulikana kwa kutajwa baba yake, na babu yake, mpaka juu."

"Mashallah," Ami Soud akasema.

Mie nimesimama na sinia la sambusa, namwombea akosee wa tano. Hakukosea hata mmoja.

"Na huyo Macintyre ndiye babu wa nane?" Ami akauliza.

Masuda akamuuliza mwenzake, akasikiliza, akasita kidogo. "Anasema hilo si jina la mtu. Maana yake mwana wa seremala. Huyo wa kwanza kabisa hajulikani alikuwa nani, inajulikana kazi yake tu."

Nikalitua sinia. "Seremala?" nikasema. "Seremala asiyejulikana mtoto wa nani?"

"Kibibi, kalete kahawa," Baba akasema.

"Kahawa ipo, Baba. Mie nauliza tu. Seremala wa watu, aliyekufa zamani, mmemchinjia mbuzi. Wangu yu hai, mlimpa kikombe kimoja na mlango. Au nimwambie akaoe kwao, azae, vitukuu wake waje kuposa hapa? Maana naona seremala akishaoza kaburini ndipo anapogeuka ukoo."

Hakuna aliyegusa sambusa. Masuda machozi yakamtoka, na sitasema uongo, nilifurahi. Niliitaka harusi ile ivunjike pale pale juu ya zulia, kila mtu akiona.

Baba hakufoka. "Kwani unamtaka?"

"Baba, mwaka mzima nalia usiku, uso kwenye mto, unaniuliza leo?"

"Nilikuuliza siku ile ile. Alipotoka nilikuja chumbani kwako, nikakwambia nimemkataa yule kijana, una neno? Ukainamisha kichwa, ukanyamaza. Na msichana akinyamaza ameridhia, ndivyo tulivyolelewa sote. Nikashukuru Mungu, nikasema kumbe hakumtaka."

Ni kweli alikuja. Na mie nilifunzwa kwamba mtoto wa kike mwenye haya zake hajibu neno la ndoa. Nilidhani kimya changu kinalia, Baba akakisikia kinakubali.

"Na huyu je?" nikamwonyesha Calum kwa kidole. "Si mababu saba?"

"Huyu nilimkataa," Baba akasema. "Mababu zake niliwajua baadaye, nikapata la kuwaambia watu. Dada yako huyu alinijia, akasema, Baba, namtaka. Nikamfukuza. Kesho yake akarudi, akasema tena."

Masuda akapangusa macho na upande wa mtandio, akanitazama bila hasira. Kumbe muda wote ule namwonea wivu kwa wafu wa watu, na wafu hawakumsaidia kitu. Alifungua mdomo tu. Wivu ukanishika upya, mkali kuliko wa mwanzo, maana huu sina wa kumlaumu.

Nikatoa simu. "Ona haya, binti," Ami Soud akanong'ona. Shomari akapokea, nyuma yake mashine inapasua mbao.

"Nakutaka," nikamwambia, mbele ya wazee.

Mashine ikazimwa. Akakaa kimya, nami nikaogopa kile kimya kuliko nilivyowahi kumwogopa Baba.

"Tiketi nimeshakata, Kibibi," akasema mwishowe. "Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti, na Ami Soud akageuza uso.