Kikaango Kilichong'aa

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Apolinaria alidhani ni panya. Mtoto wake Anton alikuwa ananyonya huku amelala, na mwadhini wa msikiti wa jirani alikuwa hajaamsha mtu. Sauti ilitoka uani, ikakoma, ikaanza tena polepole, kama ya mtu asiyetaka kusikika. Hapana, si panya. Ni Koleta, anasugua vyombo gizani.

"Mtoto mwema," akajisemea, akafumba macho tena.

Koleta alikuwa na miaka saba. Mama yake, Julieth, dada mkubwa wa Apolinaria, alizikwa kabla ya Pasaka ya mwaka jana. Tangu hapo mtoto alikaa Lusu kwa bibi mzaa baba, mpaka bibi akachoka mwili. Akapelekwa Igunga kwa baba mkubwa, na nyumba ile ikajaa. Alipofika hapa Cheyo, kwa Apolinaria, alikuwa na mfuko wa sandarusi, ndani yake magauni mawili na kitenge cha marehemu mama yake. Apolinaria alimwondolea vitu kwenye rafu moja, akaipangusa vizuri. Rafu ilikaa tupu. Mfuko ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, umefungwa fundo.

Hakuwa mtoto wa kusumbua. Alichota maji, alimbeba Anton, alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Akiandaliwa chakula alikula matonge mawili na kusema, "Nimeshiba." Akiulizwa anataka nini, "Sitaki kitu, mama mdogo." Bi Zamda, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimpa jina la Mpagazi, mbeba mizigo, kwa kuwa hakuwahi kumwona mikono mitupu.

Alfajiri hiyo Apolinaria aliwasha mkaa kibarazani, akafunua ndoo ya unga. Mchele uliosagwa jana ulikuwa umeumuka, una mapovu, unanukia iliki. Akanyoosha mkono kuchukua kikaango cha vitumbua vyake vya kuuza.

Kikaango kilikuwa kinang'aa.

Kilikuwa chuma kizito chenye mashimo saba, cha marehemu mama yake, na rangi yake ilikuwa nyeusi tititi. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa mafuta ya miaka, yameungua na kukaa ndani ya chuma hadi kitumbua kikawa kinateleza chenyewe kikiguswa na kijiti. Sasa kilimeremeta kama sufuria mpya dukani. Pembeni palikuwa na majivu na stili waya iliyokwisha kuwa uzi. Koleta alisimama ukutani, vidole vimechubuka, mdomoni ana kitu kilichokaribia kuwa tabasamu.

Apolinaria alikiweka kikaango motoni. Alitia mafuta, akamimina unga, akangoja, akachokoa. Kitumbua kiling'ang'ania. Akachokoa tena, kikapasuka, nusu juu, nusu chini. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kikatoka uji. Na wateja wa asubuhi walikuwa wameanza kuja na bakuli zao.

"Nani kakwambia ushike kikaango hiki?" akafoka. "Nani kakutuma?"

Kile kilichokaribia kuwa tabasamu kikazimika. Apolinaria aliinama tena motoni, na alipoinua uso, ukutani hapakuwa na mtu.

"Apo, leo unatuuzia uji wa kukaanga?" Bi Zamda alikuwa amefika, khanga begani, bakuli mkononi.

"Usinicheke, Bi Zamda. Koleta kakisugua kikaango cha mama mpaka kimekuwa kioo."

"Haya, nipe hivyo hivyo. Tumboni havina umbo." Akajichukulia kipande, akakipuliza. "Yuko wapi Mpagazi wangu?"

"Nimemfokea. Kaingia ndani."

Bi Zamda alitafuna taratibu. "Mimi jina hilo nilimpa kwa utani, lakini siku hizi linaniuma. Sisi babu wa babu yetu alifika mji huu na msafara, mzigo begani kutoka huko pwani. Lakini hata mpagazi alifika kambini akatua, mwanangu. Huyu wako hajatua. Tangu aje, wewe umeshamwona amekaa?"

Apolinaria aligeuza uso kuelekea mlango wa chumba.

Jumatano iliyopita, kwenye jumuiya, Katekista Raymundi aliuliza maana ya kusema Mungu ni upendo mkamilifu. Apolinaria, anayesoma masomo ya jioni na bado ana furaha ya mwanafunzi, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alisema: Mungu alitupenda kwanza, kabla hatujatenda lolote la kumpendeza, na palipo na upendo huo, hofu haina kiti. Wakampigia makofi. Sasa, kijiti mkononi, alikumbuka ni lini aliwahi kumwita Koleta mtoto mwema. Kila mara palikuwa na sufuria safi kati yao.

"Bi Zamda, niangalizie moto."

Koleta alikuwa chumbani. Alikuwa amevaa gauni la safari, viatu vimepishana miguu. Mfuko wa sandarusi ulikuwa mkononi.

"Niko tayari, mama mdogo."

"Tayari kwenda wapi?"

"Sijui." Alitazama sakafu. "Utakaponipeleka. Bibi hawezi tena. Igunga pamejaa."

Apolinaria alimsogelea. Aliketi chini, pale pale kwenye saruji, mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya mtoto.

"Koleta, kikaango umekiharibu, na mimi nimekasirika. Hasira itapoa. Wewe huendi popote."

"Nitaosha vingine. Nitaosha vizuri."

"Usioshe. Hata usipoosha kijiko mpaka uwe mkubwa, hapa ni kwenu. Umesikia? Siku ile ulipoteremka kwenye basi, kabla hujashika hata ufagio, nilikuwa nimeshakupenda. Kosa langu sikukuambia."

Mfuko ulishuka kidogo kidogo hadi ukagusa sakafu, lakini vidole havikuachia.

"Njoo tukirudishie weusi wake," Apolinaria akasema, akamvua viatu.

Alikata kitunguu nusu, akakichoma kwenye uma, akakichovya kwenye mafuta na kuyapaka mashimo yote saba. Moshi ukapanda. Akafuta, akapaka tena, akaacha chuma kinywe. "Hayalazimishwi," alimwonyesha Koleta. "Unapaka, unangoja, unapaka." Wateja wengine waliondoka wakinung'unika. Wengine walikaa kwa sababu Bi Zamda aliwakatalia kuondoka. Vitumbua vya mwanzo vilichanika.

"Vya kwanza ni vya kikaango," Apolinaria alisema. "Bibi yako, mama yetu, ndivyo alivyokuwa anasema."

Jua lilikwisha kupita juu ya mapaa. Anton alikuwa mapajani kwa Bi Zamda, anavuta khanga yake. Apolinaria alijikuta anashukuru, bila maneno aliyofundishwa: kwa mkaa, kwa jirani, kwa dada aliyemwachia mtu wa kumpenda, kwa kikaango kilichoharibika siku nzuri namna hii. Akasogeza kigoda kwa mguu. Koleta alikitazama, akamtazama yeye, kisha akakaa. Mfuko aliuweka chini, ukalala ubavu.

Kwenye shimo la katikati kitumbua kilikuwa kimeanza kuwa kahawia pembeni. Apolinaria alikigusa kwa kijiti. Kikatikisika. Kikageuka, kizima, mgongo wa dhahabu.

Koleta alivuta hewa ile ya iliki, akainua uso, akasema kwa sauti ambayo hata watu wa barabarani waliisikia:

"Nina njaa."