Doa Juu ya Swichi ya Jikoni

Jumanne moja ya Agosti 2021, wiki ya saba ya kufungiwa ndani kwa sababu ya korona, Mzee Balagizi alipima doa la ukutani kwa rula, akachora mstari na kuandika tarehe kwa penseli. Doa lilikuwa la kahawia, juu ya swichi ya jikoni, na tangu Jumapili lilikuwa limepanda vidole viwili.

Swichi iliungua Jumapili hiyo. Mkewe, Chibalonza, aliibonyeza kwa mkono uliolowa maji ya maharage. Ikachachatika, plastiki ikayeyuka, taa ya darini ikafa. Mwanga haukwenda mbali. Ulihamia kwa Chibalonza mwenyewe, kuanzia viganjani hadi mabegani, mweupe, wa kutosha kuchambulia mchele. Mjukuu wao Bénie alisogeza daftari karibu naye.

"Bibi, don't move. Namaliza hesabu."

"Mimi si taa ya barabarani," Chibalonza alisema, lakini alitulia.

Hilo halikumsumbua mzee. Kilichomsumbua ni ukuta. Ulinguruma, na upande wa pili kulikuwa na kitanda cha Bénie, katika chumba chembamba kisicho na pa kukisogeza. Nyumba ile ya serikali, katika kitongoji cha Macquarie Fields huko ughaibuni, ilikuwa na fyuzi moja kwa kila kitu. Kuizima ni kuzima friji, na humo mlikuwa na insulini yake, ambayo muuguzi alimwonya isipate joto.

Alipopiga simu, ofisi ya nyumba iliuliza kama kuna moto. Mzee alikuwa amesoma Kiingereza madarasa ya jioni miaka sita, na hakuwa na desturi ya kusema uongo katika lugha yoyote. Alijibu kwamba moto bado. Basi si dharura, wakamwambia, atakuja mkaguzi.

Mkaguzi alikuja Alhamisi mchana, amevaa barakoa mbili. Jiko halikuwa na dirisha, na kwao Bukavu mgeni hapokelewi gizani. Kwa hiyo Chibalonza alikuwa amevaa kitenge kipya, amekunja mikono ya blauzi, amesimama katikati ya jiko akiangaza hadi sufuria za rafu ya juu. Chai ilikuwa mezani.

Mkaguzi alibaki mlangoni, mita moja na nusu kama sheria ilivyotaka.

"Mwanga upo," alisema, akaweka alama.

"Huyo ni mke wangu," mzee alimjibu. "Swichi ndiyo iliyoungua. Gusa ukuta."

"Siruhusiwi kugusa kitu, mzee. Fomu ina visanduku viwili tu. Upo, haupo."

Balagizi alimgeukia mkewe, akasema kwa Kiswahili, "Mama Précieux, jifunike shuka kidogo."

"Nijifunike mbele ya mgeni, kama mgonjwa? Hata kiti hajakalia."

Mzee hakumshurutisha. Hakuwahi kumwaibisha mgeni nyumbani kwake, wala mke. Mkaguzi aliaga kwa adabu.

Chai ilipoa. Saa kumi simu ilileta ujumbe wa ofisi ya nyumba: kazi imekamilika, asante kwa uvumilivu wako.

"Geuka kidogo," Balagizi alisema.

Chibalonza aligeuka, mwanga ukaangukia ukutani. Doa lilikuwa limeupita mstari aliouchora asubuhi hiyo. Mzee alilaza kiganja juu yake, akakiondoa upesi kwa joto. Kisha akachukua rula, akachora mstari mwingine, akaandika tarehe na saa.

Upande wa pili, Bénie alikuwa akitandika kitanda.