Watu Hubandikwa Mwishoni

Afisa mipango wa jiji alikuwa akipangusa vumbi kwenye kielelezo cha mradi, kwa brashi ya kunyolea aliyotoka nayo nyumbani, alipomkuta mama mkwe wake amesimama humo kando ya barabara. Alikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti. Kichwani alibeba furushi, kwapani mwavuli.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mtoto hajambo?”

“Hajambo. Anakusubiri.”

“Na mimi nasubiri,” akasema mama mkwe, akageuka kutazama magari.

Kielelezo kilijaza meza nzima: nyumba za kadibodi, miti ya sifongo, njia ya baiskeli iliyopakwa kijani, na katikati barabara mpya ya njia sita. Mradi uliitwa Mtaa Unaotembeka. Magari ya plastiki yalikimbia yenyewe saa za kazi, kama kawaida yake, na jioni yakajiegesha mbele ya jengo la halmashauri. Watu hawakuwamo. Katika ofisi ile watu hubandikwa mwishoni, mkurugenzi akishatia saini. Hununuliwa kwa pakiti, wamevaa suti, na kazi yao ni kupendezesha.

Barabara yenyewe, ile ya lami, ilikuwa imeshafunguliwa, haikungoja saini. Mama mkwe aliishi ng’ambo yake, karibu kiasi kwamba akikohoa bintiye alimsikia. Binti alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama alitoka kwake asubuhi kuja kumsaidia mzazi. Akasimama ukingoni kungoja nafasi ya kuvuka. Alingoja mno, na waliongoja mno pale walijikuta kwenye kielelezo.

Afisa akampigia mkewe simu.

“Mama nimemwona.”

“Amefika?”

“Yuko mezani kwangu.”

“Upande gani wa barabara?”

“Wa kule kwake.”

“Basi hajafika,” mke akasema. Mtoto akaanza kulia, simu ikakatwa.

Afisa akachukua kibano, akakisogeza taratibu. Mama mkwe akakikwepa.

“Mkwe wangu aninyanyue kwa kibano, watu wananiangalia? Hata haya huoni?”

Afisa aliona haya hadi masikioni, akakirudisha kibano mfukoni. Na watu kweli walikuwepo. Kufikia Ijumaa ukingo mzima ulikuwa umejaa. Fundi cherehani alishafungua kazi pale pale, na bwana harusi mmoja alikuwa akipunguziwa suruali, maana alikonda akingoja.

Mkurugenzi alipokuja kutia saini, alikunja uso.

“Nani ameweka watu kabla ya saini?”

“Wamekuja wenyewe, mheshimiwa.”

Mkurugenzi akainama. “Wanapendeza. Bora hawa kuliko wa pakiti.”

Afisa akapiga moyo konde. Katika mchoro wa kwanza alikuwa ameweka kivuko, kikafutwa mbele ya macho yake, naye akajifanya anatafuta kalamu. Jambo hilo lilimuuma.

“Mheshimiwa, tungewawekea kivuko. Mistari michache tu ya rangi nyeupe. Yule mwenye mwavuli ni mama mkwe wangu.”

Mkurugenzi akavua miwani, akamwamkia mama kwa heshima zote, akamuulizia na mjukuu. Kisha akasema kivuko kitasimamisha magari, na mradi huu ni wa usafiri, si wa kusimama. Akatia saini. Akaagiza watu wapakwe gundi, wasije wakaanguka kielelezo kikipelekwa kwenye maonyesho.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa walikuwepo wote.

Afisa aliwapaka gundi nyayoni, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Bwana harusi aliomba apakwe ameangalia ng’ambo, aliko bibi harusi, akakubaliwa. Mama mkwe hakupakwa, kwani huwezi kumshika mama mkwe miguu. Afisa alimwambia yuko huru kuvuka wakati wowote.

“Ahsante, baba,” akasema, macho kwenye magari.

Kielelezo kikapata tuzo. Majaji walisifu hasa jinsi watu walivyo hai. Mmoja aliuliza mbona wamesimama tu, akajibiwa kuwa wanafurahia mandhari. Sasa kimewekwa ghorofa ya chini ya halmashauri, ndani ya sanduku la kioo linalofika hadi sakafuni, na ufunguo anao mkurugenzi.

Mke wa afisa humpeleka mtoto pale kila Jumamosi. Humwambia, “Msalimie bibi,” na bibi hupunga mkono. Mtoto alijifunzia kutembea hapo hapo, ameshikilia kioo, bibi yake akienda naye sambamba upande wa ndani, akimpigia makofi, hadi inapoanza barabara. Hapo bibi husimama. Huangalia kulia, huangalia kushoto, huangalia kulia tena. Na mtoto, nje ya kioo, kwenye ukumbi usio na gari hata moja, naye husimama na kufanya vivyo hivyo.