Ngozi ya Dume la Shemeji

Dume lilianguka nyuma ya zizi, Misunkumilo, kiangazi cha mwaka tisini na nne. Damu nyeusi ililitoka puani na ikagoma kuganda. Bwana mifugo alilitazama kwa mbali, akasema ni kimeta, lisiguswe na kisu, lifukiwe lilivyo.

Tatizo, dume halikuwa la Nkwabi. Lilikuwa la Abednego, kaka wa mkewe Nyamizi, aliyempa amtunzie. Na kwa Wasukuma, ng'ombe wa watu akikufia, unampelekea mwenyewe ngozi. Huna ngozi, basi umemuuza. Nyamizi alimsihi mumewe asilichune, mpaka sauti ikamkauka.

"Mama Lusia, unataka kaka yako aniite mwizi?" alisema Nkwabi, akachukua kisu.

Alichuna kwa hasira, akajikata kidole, akaendelea kuchuna. Ubishi gani huo!

Siku ya tatu kidole kilikuwa na kidonda cheusi tii, kisichouma hata kidogo, naye akakicheka. Siku ya tano mkono ulikuwa umevimba hadi shingoni. Nyamizi alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali.

Walimchoma penisilini usiku na mchana. Nesi Helena hakumzungusha Nyamizi: wadudu wamekufa, lakini sumu waliyoimwaga imebaki, na sindano haiiwezi. Imeanza kwa kuwalemaza askari wa mwili wasipigane, sasa inaua chembe za mwili moja moja, na mishipa inavujia ndani. Nyamizi alimchukia kwa maneno hayo.

Asubuhi iliyofuata degedege lilimrusha Nkwabi, akajing'ata ulimi, damu ikaruka ukutani. Watu wanne walimkandamiza kitandani.

"Mwonyesheni ngozi," alikoroma. "Sikuuza."

Abednego ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Alisimama miguuni pa kitanda, machozi yanamtoka.

"Shemeji, bwana mifugo aliniambia siku ileile. Ngozi ya nini? Mimi nilikuamini."

Nyamizi alimrukia. Alimpiga kaka yake ngumi za uso, akamng'ata bega mpaka akaonja damu, huku akimuuliza kwa nini hakutuma hata mtu mmoja aje kusema hivyo. Walipowaachanisha, Nesi Helena alikuwa anamfunga Nkwabi kidevu kwa kitambaa. Nyamizi alimuuliza kama mumewe alisikia. Nesi alisema hajui.