Dadu ya Mbebaji

Umeme ulikatika baada ya sala ya magharibi, na nyumbani kwa Najat, Makorora, kilichobaki kusikika gizani ni mbuzi ya nazi: kwaru, kwaru, kwaru. Mwamvua, dada yake, alikuwa jikoni akikuna nazi ya wali. Najat alikuwa chumbani, amekaa mkekani, simu mkononi, na bintiye Hafsa amemlalia pajani. Katika mchezo wa simu mbebaji wake aliingia chumba cha tano cha kisima, akaumwa na nge, akafa. Kule jikoni mbuzi ikanyamaza.

"Da Mwamvua?" Najat aliita. 

Alikwenda kwa mwanga wa simu. Kibao cha mbuzi kilikuwa bado na joto la kukaliwa, kizio kimoja kimekwisha, cha pili hakijaguswa, na Mwamvua hayupo. Najat akajua kuwa dada yake amekufa. Akakaa pale pale akamalizia kukuna, kwa sababu mchele ulikuwa umeshaoshwa.

Anastazia, jirani wa ukuta mmoja, alikuja kuazima kiberiti akaelezwa. Alitoa pole, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Aliugua?"

"Hapana. Alikuwa anakuna nazi."

"Basi hakuteseka," alisema Anastazia. Wazazi wake walishuka zamani kutoka milimani kuja kukata mkonge, na kwao msiba una nyimbo na usiku kucha. Huu aliuona mfupi, ila kila watu na desturi zao.

Wali ulikuwa haujakauka tui mlango ulipopigwa hodi. Alikuwa Mwamvua, na mkoba wake wa ukindu, na samaki wawili wa ng'onda waliofungwa kwa gazeti, na baibui lenye vumbi la njia ya Kigombe. Alikuwa mnene kidogo kuliko yule aliyekufa, na mikono yake haikuwa na nyufa za sabuni.

"Nimekuja kukaa arobaini tu, mdogo wangu," alisema. "Nina mambo yangu nyumbani. Mtoto yuko wapi?"

Najat alimwonyesha Hafsa, mwenye miaka minne, aliyekuwa amesimama mlangoni ananyonya kidole.

"Mashallah," alisema Mwamvua. "Amekua upesi."

Anastazia aliinuka, akachukua kiberiti alichoazima na kuwaachia familia nafasi.

Kwao Kigombe mwanamke akijifungua, dada mtu huja kumlea mzazi kwa siku arobaini. Humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa pilipili manga, hufua nepi na kumwogesha mtoto. Siku ya arobaini mzazi hutoka nje na mwanawe, na kabla hajafanya jambo jingine lolote humvisha dada yake kanga mpya mabegani, akamwambia: umetulea, nenda ukajilee. Asiyevishwa hajaachiwa. Na kuidai kanga ile ni aibu kubwa, kwa hiyo haijapata kudaiwa.

Hafsa alipotimiza arobaini, Sele, mumewe Najat, alikuwa safarini na lori la chokaa. Kanga ikasubiri arudi. Aliporudi mvua ilikuwa inanyesha, na mtoto hatolewi mvuani. Kisha darasa la jioni likafungua usajili, na Najat, aliyeacha shule kidato cha pili, akaandika jina lake. Alimwambia Mwamvua, "Nivumilie wiki hii tu, dada, nijue ratiba." Mwamvua alisema haina neno. Ilikuwa imepita miaka minne, na arobaini haijaisha.

Mchezo wa kisima aliupata darasani. Innocent, kijana aliyekaa dawati la nyuma yake, alimrushia kwenye simu ili apate cha kupumzishia kichwa. Ulikuwa mchezo rahisi kuuelewa. Shujaa na mbebaji wake wanateremka kisimani, chumba baada ya chumba, na kila mmoja ana dadu yake. Kabla ya kushuka, mchezaji huzipanga pande za dadu hizo mbili kama apendavyo. Kuna pande nzuri: upanga, ngao, akili, usingizi. Kuna mbaya: mzigo, jeraha, kukesha. Hakuna upande unaotupwa. Usioutaka wewe lazima uende kwa mwenzako. Shujaa akifa, safari inaanza upya kutoka juu kabisa. Mbebaji akifa, huletwa mwingine, mzima, asiyejua kitu.

Mwanzoni Najat aligawa sawa, nusu kwa nusu, kama anavyokata muhogo wa watu wawili. Hakuwahi kupita chumba cha tatu.

"Wewe dada una huruma za kijinga," Innocent alimwambia. "Dadu iliyochanganywa haina kazi. Leo inakupa upanga, kesho jeraha, hujui unamtegemea nani. Mjaze shujaa mazuri matupu. Mabaya yote mtwike yule."

"Yule si atakufa?"

"Atakufa, ndiyo. Unaletewa mwingine. Jina lake mbebaji, ulitaka abebwe?"

Wenzao walicheka, naye Najat akacheka. Siku hiyo hiyo alizipanga dadu upya. Mchezo ulimtaka awape majina. Shujaa akamwita Najat. Alipofika kwa mbebaji, Mwamvua alikuwa anaita kutoka uani aletewe kibano cha nguo, na lile ndilo jina lililokuwa karibu.

Tangu hapo mambo yalimnyookea. Alilala fofofo na kuamka mwepesi. Hesabu za vipeuo, zilizomkalia kooni mwaka mzima, zilimfungukia kama maganda ya karanga. Mwalimu alimwita mbele awaonyeshe wenzake. Mwamvua naye alikesha. Ndoo zilizidi uzito mikononi mwake, kisu kilimkata hata alipokuwa hakishiki, na baada ya siku kadhaa alikufa. Kisha akabisha hodi.

Sele aliporudi kutoka safari alimkuta Mwamvua anapiga pasi.

"Amefika lini?"

"Juzi," alisema Najat.

"Mbona hamjamwekea mgeni feni?" Akamhamishia feni, akalala.

Najat alijua kuwa chanzo ni zile dadu. Hakuna aliyemwambia, ila alijua kama mtu anavyojua kuwa chumvi imezidi hata kabla wageni hawajaonja. Alipokuwa anazipanga dadu aligeuka kuelekea ukutani. Hafsa akiuliza anafanya nini, alisema anasoma.

Ijumaa moja Sadalla alikuja kutoka Tongoni. Alikuwa fundi wa vitanda, mjane, mtu wa maneno machache. Ndiye yale mambo ambayo Mwamvua alisema anayo nyumbani. Alimposa wiki ile ile Hafsa alipozaliwa, na Mwamvua akamjibu kuwa atasema ndiyo mbele ya wazee akitoka arobaini. Alipofika Makorora Mwamvua hakuwepo, alikuwa amekufa asubuhi na hajarudi. Sadalla alipewa chai barazani.

"Shemeji," alisema, "mimi sina haraka, mbao zimenifundisha. Mbao mbichi huisukumi. Lakini niulize tu: arobaini yenu hii inahesabiwa kwa mwezi upi?"

Najat alitazama sahani ya vitumbua.

"Mama yangu hajiwezi sasa," Sadalla aliendelea. "Anataka mtu wa ndani. Mwezi wa Mfunguo Tatu ukiandama sijapata jibu, nitaoa pale pale Tongoni. Sitaki mseme nilifanya kwa siri."

"Nitamwambia."

"Mwambie kitanda kipo. Nimekichonga matendegu, miguu yote minne, kwa mkono."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaondoka. Mwamvua alipofika, na mkoba wake na ng'onda wake, Najat alimwambia kuwa Sadalla anamsalimu. Mengine aliyaacha, akajiambia kuwa mgeni hapokewi kwa habari nzito.

Lakini maneno yale ya mbao mbichi hayakumtoka. Jioni ile alikaa na simu akazigawa dadu sawa, nusu kwa nusu.

Mwamvua hakufa wiki ile, wala iliyofuata. Mikono yake haikupasuka. Alilala adhuhuri, jambo ambalo Najat hakuwa amewahi kuliona. Alikaa uani akimsuka Hafsa nywele, na siku moja akamwinua kidevu akamtazama sana.

"Mtoto huyu nimemwogesha mimi," alisema. "Nakikumbuka hiki kitone chini ya sikio. Kilikuwa kama punje ya mtama."

"Mimi Hafsa," alisema Hafsa, aliyezoea kujitambulisha kwake.

"Nakujua, mwanangu."

Najat, kwa upande wake, alifua na kukesha na mtoto mwenye kikohozi. Ndoo ilimvunja kiuno. Darasani alisinzia mpaka kalamu ikamchora shavu. Vipeuo vilijifunga tena. Mwalimu, mtu mpole, alimwita pembeni akamwambia kuwa mtihani uko karibu, na kwa hali hii ni vyema asisajiliwe, ajaribu mwakani. Innocent alimwuliza yuko chumba cha ngapi. Alipojibu cha tatu, Innocent alitikisa kichwa kama anayepewa habari ya mgonjwa.

Najat alirudi nyumbani akamkuta Mwamvua anakunja nguo kitandani. Mwamvua alikuwa na nguo ya Hafsa mikononi, akiinyoosha na kuinyoosha ingawa haikuwa na mkunjo.

"Mdogo wangu," alisema bila kuinua macho, "leo siku ya ngapi?"

Hakutaja kanga. Hapo ndipo mtu wa Kigombe anapoweza kufika, hapiti. Akasubiri, akizidi kuinyoosha nguo ile.

Kanga mpya ilikuwepo. Najat alikuwa nayo kabatini, doti nzima haijakatwa, ya kuendea harusi ya rafiki. Hatua chache tu zilitosha.

"Bado, dada," alisema. "Bado kidogo."

"Haya," alisema Mwamvua.

Najat aliingia chumba cha pili, akageukia ukuta, akauchukua upande wa mzigo kutoka dadu yake akauweka kwa mbebaji. Akaweka na jeraha. Akaweka na kukesha. Kisha akashuka kisimani. Aliporudi, nguo ya Hafsa ilikuwa juu ya godoro imekunjwa vizuri, na Mwamvua hayupo.

Hakulia. Alitaka kulia, lakini alilala usingizi mzuri sana usiku ule, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote alipoamka.

Alisajiliwa. Alifanya mtihani, akaufanya vizuri, akajua ameufanya vizuri. Nyumbani Mwamvua mpya alimpokea kwa uji na kumwuliza kama bado anatoka damu. Mwezi wa Mfunguo Tatu uliandama, vijana wa mtaani wakaonyeshana vidole juu ya paa la msikiti. Sadalla hakuja. Iliyokuja ni haluwa, kwenye kikapu kidogo cha ukili, kama zinavyopelekwa haluwa za harusi kwa jamaa na marafiki.

"Ya nani hii?" Mwamvua aliuliza, amemega na kuionja. "Ina iliki ya kutosha."

"Ya Sadalla," alisema Hafsa, aliyekuwepo ilipoletwa.

Mwamvua alitafuna akameza. "Sadalla si alisema atanisubiri nitoke arobaini? Nimekuja juzi tu hapa."

"Sijui, dada," alisema Najat.

Mwamvua alifuta vidole kwenye upindo wa kanga yake, kimoja kimoja. Alifunika haluwa isiingie sisimizi. Akaenda kukaa ngazini, mgongo ukutani, na alipoitwa kwa chai hayupo, alikuwa amekufa. Siku hiyo Najat hakuwa ameigusa simu.

Ile doti ya kabatini aliona haifai tena. Alitoka haraka mpaka madukani, Hafsa mkononi, akachague kanga ya Mwamvua mwenyewe. Muuzaji alizikunjua moja moja na kumsomea majina.

"Unamwambia nani?"

"Dada yangu."

"Kakufanyia nini?"

Najat aliinama juu ya kanga. Alisoma kanga nyingi. Zilizoshukuru aliona zinamcheka, zilizoomba radhi aliona zinamwumbua mbele ya muuzaji. Mwishoni alichukua moja iliyoandikwa *Mola ndiye mlipaji*, na njiani akatambua kuwa hata deni lile amemtwika mwingine.

Walipofika nyumbani ujumbe wa mwalimu ulikuwa umeingia: amepita, darasa linalofuata linaanza Jumatatu, jioni kama kawaida. Aliketi barazani, kanga imekunjwa mapajani. Aliyafanyia mazoezi maneno kwa sauti ndogo. Umetulea, nenda ukajilee. Yalikuwa maneno mepesi. Kisha akafikiria Mwamvua akiyabeba mpaka Kigombe, na kutoka Kigombe mpaka Tongoni, na kitanda chenye matendegu ya kuchongwa kwa mkono kina watu. Akafikiria pia Jumatatu, na ni nani atakayekaa na Hafsa. Fikira hizi mbili zilikuja pamoja, na hakuweza kusema ipi ilitangulia.

Mwamvua alitokea kwenye kona, mnene kidogo, ana vumbi la njia, mkoba begani. Alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye habari njema anayoiwekea wakati wake. Alisema hodi, akasema amekuja kukaa arobaini tu.

Najat alisimama na kanga. Mdomo ulifunguka. Mwamvua aliitazama kanga ile, kisha kwa adabu akaangalia pembeni, asionekane ameitazama. Wakasimama hivyo, wote wawili wakiona haya, mpaka Anastazia akachungulia dirishani mwake kuona kama mgeni amefika, akajirudisha ndani.

Hafsa aliuvuta mkoba wa ukindu kutoka begani kwa mgeni, akauweka chini, akamshika mkono.

"Mama mkubwa, vyombo vichafu viko uani," alisema.